Ini la Ezelina

Ezelina Mtewele alikuwa anachuma pareto bangili yake ilipotetemeka mkononi. Aliijua namna ile ya kutetemeka. Ilikuwa hospitali ya Ilembuka, na maana yake ilikuwa moja tu: kuna mtu ini lake limekufa, na wanaomba la kwake.

Siku zote hakuwa na haja ya kusoma. Sheria ilitaka mtoaji aone jina la mgonjwa na ugonjwa wake, kisha aweke dole gumba juu ya neno NAKUBALI. Ezelina alikuwa akiliweka huku anaendelea na mazungumzo yake, kama mtu anayefukuza nzi. Safari hii dole lilibaki hewani.

Lusungu Mhema. Anaishi na VVU. Homa ya ini aina ya B, imeamka baada ya kukatisha vidonge mwezi uliopita.

Alisoma mara ya pili, polepole, midomo ikimchezacheza.

"Vipi, mbona umeganda?" aliuliza Mama Sikujua kutoka mtaro wa juu. Alikuwa jirani yake na mwenzake wa shamba, mwanamke mrefu mwenye sauti kavu, ambaye hakuwa amecheka tangu amzike binti yake Veronika.

"Ni Mhema," Ezelina alisema. "Anataka ini langu."

Mama Sikujua akatua kikapu. Akashuka hadi pale alipokuwa Ezelina, akaushika mkono wenye bangili, akayakazia macho maandishi. Kisha akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua hata mwenyewe.

"Usibonyeze," akasema. "Mwache aive taratibu, kama walivyoiva wetu."

Ezelina akaishusha mikono ya gauni lake hadi ikaifunika bangili. "Sibonyezi," alisema. "Lakini nakwenda. Nataka nikae pembeni yake nimwone anavyokwenda."

*

Watu wa Nyanda za Juu walimjua Mhema kuliko walivyomjua mkuu wao wa mkoa. Yeye ndiye aliyewaletea Punje.

Punje ilikuwa kitu kidogo kama chembe ya ulezi. Ilipandikizwa chini ya ngozi ya mkono, na ndani yake zilikuwamo seli hai zilizofundishwa kazi moja: kutengeneza kingamwili za kukibana kirusi cha UKIMWI, mchana na usiku, miaka na miaka. Hakuna vidonge, hakuna foleni dirishani, hakuna kuficha kopo chini ya nguo sandukuni. Ezelina na mumewe Obadia, ambao wote walikuwa wakiishi na VVU tangu ujana wao, walipandikizwa siku moja. Jumapili iliyofuata Daktari Mhema aliwaita watu wote uwanjani akawasha moto mkubwa. Akawaambia walete vidonge vyao vya kufubaza wavitupie humo. Kwaya iliimba. Obadia alitupa kopo lake kwa mbali kama mtu anayerusha jiwe mtoni, akageuka akimchekea mkewe kwa raha.

Jambo ambalo hakuna aliyewaambia pale uwanjani ni kwamba vidonge vile vilikuwa na kazi mbili. Vilifubaza VVU, na kwa dawa zile zile vilimlaza adui mwingine ambaye wengi hawakujua kuwa wanaye, yaani kirusi cha homa ya ini B. Punje ilimjua adui mmoja tu. Kwa mtu mwenye wote wawili, siku vidonge vilipokoma, yule wa pili aliinuka usingizini na hasira zake zote. Kipimo cha kumgundua kilikuwa tone la damu kidoleni. Aliyekutwa naye angepewa Punje na kuendelea na vidonge, basi. Kipimo hicho kilikuwamo kwenye mpango tangu mwanzo, na Mhema ndiye aliyekiondoa.

Ezelina hakuwa na homa ya ini. Obadia alikuwa nayo. Kwa hiyo Punje ile ile iliyomnenepesha mke ilimwacha mume wazi. Kwanza alichoka. Kisha macho yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji, akaanza kuongea mambo yasiyoshikana. Alimwita mkewe kwa jina la ng'ombe aliyefugwa na baba yake. Alivaa koti kichwa chini. Watu wa Mradi, ule wa Mhema ulioleta Punje, walifika, wakamtazama, wakasema ni ulanzi. Mtu wa huku, wakasema, pombe ya mianzi imemla ini. Na majirani, ambao walimjua Obadia kwa bilauri moja baada ya ibada, wakaanza kukubali. Hata mazishini mtu mmoja alinong'ona kwamba marehemu alikuwa anakunywa kwa siri.

Kabla Obadia hajafa, madaktari wa Ilembuka walikata kipande cha ini la Ezelina, kidogo kama punje ya harage, wakakiotesha ndani ya mashine waliyoiita Ini la Nje. Damu ya mgonjwa ilipita humo ikachujwa na seli za Ezelina, na ini lake mwenyewe likapata nafasi ya kupumzika na kuota upya. Lakini seli zilichelewa kukomaa. Zilipokuwa tayari, Obadia alikuwa kaburini. Walimuuliza mjane kama wazitupe. Akasema hapana, wapeni wengine. Ndivyo seli zake zilivyoishi pale hospitalini, zikaokoa watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Na kwa kuwa seli ni za mtu, sheria ikampa neno la mwisho: angeweza kumkatalia mgonjwa yeyote bila kutoa sababu, na angeweza kuiondoa ridhaa yake asubuhi yoyote.

Hakuwahi kumkatalia mtu.

*

"Kamwene, dada Ezelina," alisema Daktari Sekela, akimpokea mlangoni mwa wodi. Alikuwa daktari kijana, mwembamba, mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika barua baada ya barua wizarani kwamba wagonjwa wake hawauawi na ulanzi, na kila mara akajibiwa ahimize watu wapunguze pombe.

"Kamwene. Yuko wapi?"

"Chumba cha mwisho. Dada, ungeweza kukataa ukiwa shambani."

"Najua." Ezelina alikuwa ameyatafakari maandishi ya bangili njia nzima. "Daktari, imeandikwa kakatisha vidonge mwezi uliopita. Vidonge gani? Huku hakuna aliyemeza vidonge tangu siku ya moto."

Sekela akatazama sakafu. "Kilichoandikwa ni kile sheria inachoruhusu mtoaji akione. Mimi siwezi kuongeza neno. Nina kiapo."

"Kwa hiyo alikuwa navyo. Miaka yote hii."

Sekela akalifunga faili alilokuwa amelishika. "Na sasa?" Ezelina aliendelea. "Atapata wapi vingine? Obadia wangu ulimwombea wizarani kibali cha kuagiza vidonge mpaka akafa."

"Vyake vimefika kwa ndege leo asubuhi," alisema Sekela kwa sauti ya chini, na sura yake ikaonyesha uchungu wa kulisema.

Ezelina akampita akaingia.

Mhema alikuwa amelala chali, tumbo limeinua shuka, ngozi imekuwa rangi ya bizari. Kando yake ilisimama mashine, kimya, taa zake zimezimwa. Ezelina akavuta kigoda, akaketi. Hakumwamkia, ingawa kwa umri alistahili shikamoo.

"Wewe ni nani?" mgonjwa aliuliza.

"Mimi ndiye ini lako."

Ilimchukua muda kuelewa. Kisha akajaribu kujiinua. "Mtoaji! Nashukuru umekuja. Sikia, mwanangu, nina dakika chache za akili timamu, halafu ukungu unarudi. Bonyeza."

"Usiniite mwanangu. Mume wangu alikuwa Obadia Mtewele. Ulitia saini kwamba kafa kwa pombe."

Mhema akafumba macho. "Nilitia saini nyingi."

"Uliondoa kile kipimo. Tone moja la damu."

"Kipimo kingetuchelewesha. Mradi ungehamishiwa nchi nyingine, na ninyi mngebaki na vidonge vyenu na aibu yenu." Aliongea kwa shida lakini bila kuyumba, kama mtu aliyezoea kulisema jambo lile moyoni. "Hesabu walioishi vizuri. Jihesabu wewe. Mkono wako si una Punje? Waliokufa walikuwa wachache."

"Na wewe ulijipima."

Mhema akageuzia uso ukutani.

"Nakuuliza. Ulijipima?"

"Nilijipima," alisema mwishowe. "Nilikuwa na virusi vyote viwili. Nikaendelea kumeza. Kilikuwepo kiwanda kimoja mbali huko, kilikuwa kinanitumia kimyakimya. Kikafunga. Hakuna tena wanunuzi."

Ezelina aliyasikia maneno yale yakimshuka kama maji ya moto. Kumbe siku ile uwanjani, kwaya ikiimba, mtu huyu alikuwa amekwisha kumeza cha kwake nyumbani, akaja kuwatazama wenzake wakichoma vya kwao.

"Basi kufa," alisema. "Nitakaa hapa nikuone. Sina haraka, mavuno yana wenyewe."

*

Alikaa kweli. Saa zikapita, ukungu ukarudi. Mhema akaanza kuongea hovyo. Alimwamuru mtu asiyeonekana afunge mlango wa mbuzi. Alijaribu kuivaa foronya kama soksi, akalia iliposhindikana. Wauguzi wawili walikuja, wakamnyoosha shingo, wakamfuta mate, wakasema, pole mzee, pole daktari, ni ugonjwa tu huo.

Ezelina alisimama ghafla hata kigoda kikaanguka.

"Kwa nini hamsemi kalewa?" alipiga kelele. "Semeni! Wa kwangu alifanya haya haya, mkasema kalewa! Huyu mbona hamwambii kalewa?"

Wauguzi wakabaki wameduwaa. Sekela alikuja mbio, akamtoa Ezelina hadi ukumbini, akamkalisha kwenye benchi.

"Akifa wataandika nini?" Ezelina aliuliza alipopata pumzi. "Ulanzi?"

"Si mimi nitakayeandika. Mradi umetuma watu wao, wako njiani. Wataandika kafa kwa kuchoshwa na kazi ya kuwatumikia wananchi. Watamzika kwa heshima, na ile barabara mpya wataiita jina lake."

"Na mimi nikimbana akiri kabla? Nikamwambia sibonyezi mpaka aseme mbele ya watu?"

Sekela akatikisa kichwa. "Neno lililokamuliwa kwa kumtishia mtu kifo halisimami mahakamani. Wakili wake atalipangusa kama vumbi. Na hilo alilokuambia mkiwa wawili atalikana." Akasita, akachagua maneno yake. "Dada, mimi sikuambii ya mgonjwa wangu. Nakuambia ya dawa, ambayo yamo vitabuni. Dawa ile ikimezwa huacha alama yake kwenye nywele, na alama hiyo huota pamoja na nywele, mwezi kwa mwezi. Hakimu akiamuru, mwili wa mtu utasema wenyewe. Lakini marehemu hashtakiwi. Hakuna hakimu atakayeamuru lolote juu ya maiti ya shujaa."

Ezelina aliutazama mlango wa chumba cha mwisho. Alikuwa ameshauonja utamu wa kumwona anakufa, ulikuwa ulimini kabisa, na sasa anaambiwa autapike. Alimfikiria Mama Sikujua pale mtaroni. Aliwafikiria wenye macho ya manjano waliokuwa wamekaa kwenye benchi la pili, wakisubiri vibali vya vidonge ambavyo vitafika wakiwa wamekwisha. Kama kitu kile hakitasemwa na korti, vidonge havitarudi, na watu wataendelea kuzikwa kama walevi.

"Simwokoi," alisema. "Unisikie vizuri, Daktari. Namweka."

Akaipandisha mikono ya gauni, akaweka dole gumba juu ya bangili. Ndani ya chumba mashine ikawaka, ikaanza kunguruma taratibu.

*

Kila asubuhi ridhaa ilihitaji kuhuishwa, na kila asubuhi Ezelina alikwenda mwenyewe, akasimama miguuni pa kitanda, akabonyeza akimtazama. Hakumwekea sharti lolote. Baada ya siku kadhaa manjano yalianza kupungua machoni mwa Mhema, na akili ikatulia.

"Sikutegemea msamaha," alimwambia asubuhi moja, machozi yakimlengalenga. "Mungu akubariki, dada yangu."

"Nani kakwambia nimekusamehe? Nakunenepesha." Akageuka akaondoka.

Lakini kijijini habari zilikuwa zimetangulia. Mama Sikujua alimfuata hospitalini akiwa na mama wengine waliofiwa, akamkuta mlangoni mwa chumba, dole gumba limeinuliwa.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Unampa uhai aliyeuchukua wa Veronika."

"Mama Sikujua, nataka asimame kortini. Akifa leo anakufa mshindi."

"Korti!" Mama Sikujua alilitamka neno kana kwamba lilikuwa na nzi ndani yake. "Wale wale walioandika ulanzi? Shusha huo mkono, Ezelina. Nakuomba mbele ya hawa. Mimi sina seli za kumnyima, ningekuwa nazo asingeona jua la leo. Wewe unazo."

Mkono wa Ezelina ulikuwa mzito. Ndani yake kulikuwa na sauti inayosema yule mama anasema kweli, kwamba hakuna atakayemlaumu, kwamba ni kuacha tu, hata si kufanya kitu. Alibonyeza.

Mama Sikujua alitema mate sakafuni, karibu kabisa na miguu yake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna mwanamke aliyemwamkia Ezelina mashambani. Alichuma mtaro wake peke yake, akala chakula chake peke yake, na kila asubuhi akapanda mlima kumpa adui yake siku nyingine.

*

Mashtaka waliyafungua pamoja, Ezelina na Daktari Sekela, siku ile ile ini la Mhema lilipoweza kufanya kazi bila mashine. Hakimu aliyetumwa alikuwa mama mfupi wa makamo, asiyependa maneno mengi. Alikaa kwenye ukumbi wa halmashauri, na ukumbi ulifurika hadi madirishani.

Mhema aliingia kwa miguu yake, suti imempwaya kidogo. Alikana yote. Kuhusu kipimo, alisema kiliondolewa na wataalamu wa nje. Kuhusu homa ya ini, alisema hakujua kuwa anayo, kwamba naye alikuwa mhanga kama wengine, aliyeitumainia Punje kama wao. Aliongea vizuri mno. Baadhi ya watu ukumbini walianza kuitikia kwa vichwa. Nyuma yake Ezelina alisikia sauti kavu ya Mama Sikujua ikisema, "Ona sasa. Ulikuwa naye mkononi."

Sekela aliposimama kuomba, aliomba jambo moja tu. Wakili wa Mhema alipinga. Hakimu aliwasikiliza wote wawili, akamtazama Mhema.

"Mshtakiwa, unasema ulitegemea Punje peke yake?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Basi nywele zako hazitakuwa na la kuficha. Zikatwe hapa hapa, mbele yetu."

Walimkata kisogoni. Mkasi ulisikika ukumbi mzima. Na Ezelina, ambaye alikuwa amemkodolea macho kila asubuhi mpaka akaujua kila mkunjo wa uso wake, alimwona akijua kuwa amekwisha.

Majibu yalisomwa wiki iliyofuata. Dawa ilikuwamo kwenye nywele kutoka ncha hadi karibu na shina, bila kukatika, isipokuwa pengo dogo la mwezi ule kabla hajalazwa, kiwanda kilipofunga. Kabla ya hapo hakuwahi hata mara moja kuacha kumeza. Mtu mmoja ukumbini alianza kulia kwa sauti, kisha mwingine, na hakimu aliwaacha walie. Alipopata nafasi alisema kwamba vyeti vyote vya vifo vilivyoandikwa pombe vifutwe, kwamba kila mwenye Punje apimwe, na kwamba vidonge virudi kabla hata ya hukumu. Alipolisoma jina la Obadia Mtewele, Ezelina alisimama wima, ingawa hakuna aliyemwambia asimame.

Mhema alipita karibu yake akiwa kati ya askari wawili. "Uliniponya ili unifunge?" aliuliza.

"Ndiyo," alisema Ezelina.

*

Adui aliyelala kwenye ini hafukuzwi, hulazwa tu tena, kwa kidonge kila siku mpaka mtu aingie kaburini. Baada ya hukumu Mhema alikuwa na dozi yake gerezani, lakini kila mwezi alipaswa kuletwa hospitalini apimwe na kuchukua kopo jipya, kwenye dirisha lile lile la kila mtu.

Siku ya kwanza foleni ilikuwa imezunguka jengo. Walikuwamo waliopimwa na kukutwa na homa ya ini, wengine bado macho yao yana manjano hafifu. Mama Sikujua, naye mwenye Punje, alikuwa mmoja wao. Ezelina hakuwa na dawa ya kuchukua. Alikuja kutazama tu, akasimama ukutani peke yake.

Mhema alishuka kwenye gari akiwa na sare za kifungo, askari nyuma yake. Hakuna aliyemzomea, wala aliyempisha. Akasimama mwisho wa foleni, akasogea walivyosogea, jua likimpiga kichwani. Alipofika dirishani alikabidhiwa kopo, na askari akamwambia ameze cha kwanza pale pale, ndiyo amri.

"Maji," alisema Mhema.

Askari akaangaza huku na huku. Bomba la uani lilikuwa kavu. Mtu pekee aliyekuwa na maji pale karibu alikuwa Mama Sikujua, ameshika chupa iliyojaa. Askari akamnyooshea mkono.

Mama Sikujua alifungua kizibo. Akamtazama Mhema machoni, akaipeleka chupa mdomoni mwake mwenyewe, akanywa. Alikunywa bila haraka, shingo ikicheza, mpaka chupa ikaisha, akaigeuza chini juu ili wote waione. Kisha akaja akasimama ukutani kando ya Ezelina, bega kwa bega, bila kumsemesha.

Mhema akakitia kidonge mdomoni kikavu. Kilimkwama. Alikohoa, akameza tena, machozi yakamtoka. Wanawake wawili walilitazama koo lake mpaka kilipopita.